Boya la Familia kwenye Bustani ya Maji: Jinsi ya Kuamua Kama Linastahili Foleni Yake

Ukiwa chini ya mnara wa mitelezo ya maji, uamuzi unaonekana mdogo: tupande au tusipande. Watoto wanakuvuta mkono, foleni inasogea, na kule juu boya kubwa la duara linachungulia kidogo kisha linamezwa na bomba, vicheko vikibaki hewani. Unasema "haya, twendeni." Dakika arobaini baadaye uko juu kabisa, nyayo zinaungua, mtoto mmoja analia kwa sababu amekataliwa kupanda na mwingine analia kwa sababu amekubaliwa.

Nimepitia hayo. Mtoto wangu wa mwisho alisimamishwa kwenye ubao wa kipimo, juu kabisa ya ngazi, nywele zikimchuruzika maji. Akavuta pumzi, akanyoosha shingo mpaka mishipa ikatokeza. Kijana wa zamu akamwekea kiganja bapa utosini, akakisogeza taratibu hadi kwenye ubao, kikagota chini ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Hakumfokea, alichuchumaa, akamwambia pole. Tukashuka ngazi zote tukipishana na wanaopanda, na mtoto hakuinua uso hadi tulipofika chini. Sheria ilikuwa sahihi, sina ugomvi nayo. Kilichoniuma ni kwamba ubao kama ule ulikuwepo pia chini, kando ya lango la foleni, na mimi ndiye niliyeupita bila kuutazama.

Tangu siku hiyo naamua kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe umejengwa juu ya jambo moja ninaloliamini kabisa: thamani ya boya la familia haimo kwenye mteremko. Imo kwenye kukaa duara moja mkitazamana. Kama mnatafuta kasi tu, mitelezo ya mtu mmoja italishinda boya karibu kila mara. Lakini hakuna mtelezo mwingine mkubwa unaokuwezesha kuiona sura ya mwanao wakati anateremka. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini inauliza swali lilelile kwa namna yake: je, tutaweza kukaa wote humo, na je, wote watafurahi?

1. Jua kwanza ni boya la aina gani

Watu husema "boya la familia" wakimaanisha vitu vilivyo mbalimbali, na hapo ndipo wengi hupotea.

Aina ninayoizungumzia zaidi ni mtelezo wa boya la duara. Ni boya la mpira lililojazwa hewa, wanakaa watu wanne hadi sita, migongo kwenye ukingo na miguu katikati, nalo linateremka kwenye mfereji wa faiba unaolainishwa na maji yanayotiririka muda wote. Mfano wa upole ni Teamboat Springs iliyo Blizzard Beach, Florida, bustani iliyofunguliwa mwaka 1995. Mtelezo huo una urefu wa kama mita 366, na boya linashuka likizunguka na kugonga kuta za pembeni. Huo ni mtelezo wa kumpeleka bibi na mjukuu pamoja.

Kuna ndugu yake mkali zaidi, ambaye boya lake halishuki tu bali hupandishwa vilima pia, kwa mikondo ya maji yenye nguvu au kwa mota za sumaku. Mammoth, iliyofunguliwa mwaka 2012 katika bustani ya Holiday World huko Indiana, ni ya namna hiyo: urefu wake ni mita 537 na boya lake linachukua watu sita. Kwa umbali huo safari inakuwa ndefu kweli, na foleni ndefu inaanza kuvumilika.

Mto wa kasi ni kitu kingine. Huu mara nyingi hukutwa kwenye bustani za burudani kwa jumla, si za maji peke yake. Boya lake ni zito, lina viti na mikanda, nalo linaelea kwenye mto wa kutengenezwa badala ya kuteleza. Aina hiyo ilianza mwaka 1980, kampuni ya Intamin ilipojenga Thunder River katika bustani ya AstroWorld mjini Houston. Mtalowa chapachapa, lakini hofu ya kuanguka kutoka juu haipo. Halafu kuna mto mvivu, ambapo kila mtu ana ringi yake na maji yanambeba polepole. Huo hauhitaji mwongozo, ingieni tu.

Ukishajua aina, tazama umbo. Simama chini ufuate mfereji kwa macho toka juu hadi chini. Je, uko wazi au ni bomba lililofunikwa? Kwa watoto wengi niliowaona, giza ndilo linalowatisha kuliko kasi. Je, katikati ya njia kuna sehemu pana yenye umbo la faneli kubwa iliyolazwa ubavu? Humo boya linapanda ukuta wa upande mmoja, linasita kidogo pale juu, tumbo linabaki nyuma, kisha linarudi kupanda upande wa pili. Wakubwa hulipenda mno. Mtoto wa miaka sita anayepanda boya kwa mara ya kwanza, mimi simwanzishi hapo.

Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: boya la duara huzunguka lenyewe. Hakuna wa mbele wala wa nyuma. Yule aliyeng'ang'ania kukaa upande wa kuona njia anaweza kujikuta anashuka kinyumenyume baada ya kona ya kwanza. Mwambieni mapema, asije akashtuka.

2. Anza na mfupi kuliko wote

Uamuzi usianze na anayetamani zaidi. Uanze na yule ambaye kipimo kinaweza kumwacha nje.

Katika bustani nyingi za Marekani vipimo viwili hujirudia: sentimita 107, ambazo kwao ni inchi 42, na sentimita 122, yaani inchi 48. Mara nyingi mtoto aliye kati ya vipimo hivyo anaruhusiwa akiwa na mtu mzima au akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, na aliyefikisha cha juu anaweza kupanda bila masharti hayo. Lakini kila mtelezo una ubao wake, na ubao huo ndio wenye kauli. Usimpime mwanao kwa ubao wa mtelezo wa jirani.

Mpime nyumbani kabla hamjaondoka. Peku, visigino ukutani, kitabu bapa kichwani, alama kwa penseli. Umpime jioni, si asubuhi, kwa sababu mwili hupungua urefu kidogo kadiri siku inavyokwenda: uti wa mgongo hubanwa kwa kusimama na kutembea, na tofauti inaweza kufika karibu sentimita moja. Mtoto aliyefikia mstari barabara saa moja asubuhi anaweza kuukosa saa tisa alasiri. Nywele hazihesabiwi, hata ziwe zimefungwa kilemba. Na kiatu atavuliwa.

Kama anapungukiwa, mwambie nyumbani. Mwambie ukiwa umekaa naye, mkiwa na muda, mwoneshe alama ukutani na ule mstari anaouendea. Mtoto aliyejua tangu jana kwamba boya lile bado si lake atapita mbele ya mnara akiutazama tu. Aliyeambiwa baada ya kupanda ngazi mia moja ataibeba aibu siku nzima.

Sasa, mmoja akiwa hawezi, boya limepoteza nusu ya thamani yake, na mimi huwa naliacha. Nina sharti moja tu la kulikubali: mzazi mmoja apande na wakubwa, na wakati uleule mzazi mwingine awe na mdogo mahali penye mchezo wake, bwawa la watoto au mto mvivu. Kumkalisha mtoto kwenye benchi la kutokea, taulo mabegani, akisubiri wenzake saa nzima, si haki. Bustani nyingine huruhusu wazazi kupokezana juu pale bila yule wa pili kupanga foleni upya. Uliza langoni kabla ya kujipanga, maana huko juu hakuna nafasi ya kujadiliana. Na usitegemee kumpakata mdogo. Kila anayepanda anakaa sehemu yake na kushika vishikio vyake mwenyewe.

Mjamzito, mwenye maradhi ya moyo, mwenye shida ya shingo au mgongo, na aliyetoka kufanyiwa upasuaji asipande. Boya hugonga kuta, na mwisho wa safari husimama kwa ghafla likikutana na maji yaliyotulia. Ubao wa lango utawataja, na hapo hapana mjadala.

3. Jumlisheni kilo mkiwa nyumbani

Boya lina kikomo cha uzito wa wote kwa pamoja, na mitelezo mingine ina kiwango cha chini pia. Sababu ni ya kimaumbile kabisa. Boya zito linashika mwendo na halipunguzi kirahisi; likifika kwenye kona linapanda ukuta juu zaidi ya lilivyokusudiwa. Boya jepesi mno nalo linaweza kukosa nguvu ya kuvuka kilima, likakwama. Waliosanifu mfereji waliusanifu kwa uzito wa kati ya viwango hivyo.

Tuseme baba ana kilo 88, mama 74, kijana 61, na wadogo wawili 38 na 27. Jumla ni 288. Kama ubao unasema mwisho ni 340, mko salama. Akiongezeka mjomba mwenye kilo 95, mmefika 383 na lazima mgawanyike maboya mawili. Kugawanyika si msiba, mradi mmepanga nani anakwenda na nani: kila boya liwe na mtu mzima, na mwoga akae na yule anayemtuliza. Mkipanga hayo juu, mbele ya foleni inayosukuma kwa nyuma, watoto wawili watagombania boya la baba na mwoga atajikuta na watu wasiofaa.

Jambo la heshima pia limo hapa. Sehemu nyingi huweka mzani juu ya mnara na kuwasimamisha wote kwa pamoja. Wapo wasiopenda kuona uzito wao ukisomwa hadharani, na hawako radhi kulisema hilo. Hesabu ya nyumbani, kila mtu akimnong'oneza mmoja namba yake, inamwokoa mtu na fedheha. Nimeona shangazi akiacha safari nzima pale juu kwa sababu hiyo tu, akisema kichwa kinamuuma.

4. Ipime foleni mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayookoa siku, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kibao cha dakika kilichopo langoni, kama kipo, ni makadirio ya mtu mwingine. Wewe unaweza kupata hesabu yako kwa dakika nne.

Simama mahali unapoona maboya yakitokea chini. Hesabu yanayotoka ndani ya dakika nne. Tuseme ni sita. Basi linatoka moja kila sekunde 40. Halafu tazama watu waliomo katika kila boya. Usihesabu viti, hesabu vichwa, kwa maana boya la watu watano mara nyingi hushuka na watatu: familia ndogo hazichanganywi na wageni. Sasa kadiria watu walio mbele yenu foleni nzima, pamoja na wale wa kwenye ngazi. Wakiwa 150, kwa watatu kila boya, ni maboya 50. Hamsini mara sekunde 40 ni sekunde 2,000, yaani kama dakika 33.

Safari yenyewe huwa ya dakika moja hadi mbili. Kwa hiyo mnasubiri dakika 33 kwa ajili ya moja na nusu. Ukiliweka hivyo linaonekana hasara, lakini kumbuka mtelezo wa mtu mmoja. Huko familia ya watu watano inatumia zamu tano, kila mmoja anashuka peke yake, na wa kwanza anamsubiri wa mwisho kule chini. Foleni ya boya ni zamu moja kwa watu watano. Ndiyo maana mimi hukubali kulisubiri boya mara mbili ya muda ninaoweza kuusubiri mtelezo wa mtu mmoja.

Kipimo changu: mkiwa na mtoto chini ya miaka minane, nusu saa ni mwisho. Baada ya hapo uchovu wa kusimama unaila furaha ya kushuka. Vijana wanaweza kufika dakika 50 ikiwa wanazungumza wao kwa wao. Foleni ikizidi hapo, siachi boya, naahirisha. Nusu saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa na saa ya mwisho kabla ya kufungwa ndizo nyakati zangu, kwa sababu adhuhuri ndipo watu wote wamekwisha kufika na bado hawajachoka. Na kama bustani ina utaratibu wa kushika nafasi bila kusimama, utumie kwa boya kabla ya kitu kingine chochote. Volcano Bay ya Universal huko Orlando, iliyofunguliwa mwaka 2017, iliwapa wageni bangili za kuvaa mkononi kwa kazi hiyo: unaigusisha kwenye mtelezo, unakwenda kuogelea, bangili inakuita zamu yako ikifika.

Radi ikisikika, mitelezo ya nje hufungwa. Ushauri wa idara ya hali ya hewa ya Marekani ni kungoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Wengi hukata tamaa wakaenda zao. Ukiweza kuwaweka watoto mahali pakavu penye paa la kweli kwa muda huo, mkirudi mtaikuta foleni imepukutika.

5. Ngazi na mzigo

Mnara wa mita 18 ni kama ngazi 100. Kwa kijana si kitu. Kwa babu mwenye magoti mabovu, ngazi 100 ndizo safari, na boya ni nyongeza. Muulize anavyojisikia kabla hajaanza, maana akifika katikati hatakubali kurudi.

Uliza pia nani anapandisha boya. Kuna sehemu ambapo mnalibeba wenyewe, wawili au watatu, ngazi hadi ngazi, likiwagonga walio nyuma kwenye kona. Kuna sehemu mkanda unaozungushwa na mashine unalipeleka juu peke yake. Na kuna chache ambapo mnakaa ndani ya boya chini kabisa na mkanda unawapandisha mmekwisha kukaa: Miss Adventure Falls ya bustani ya Typhoon Lagoon huko Florida, iliyofunguliwa mwaka 2017, iko hivyo. Kwa familia yenye mzee au mtoto mdogo sana, tofauti hiyo pekee inatosha kugeuza jibu kutoka hapana kuwa ndiyo.

Jua la kwenye ngazi ni kali na hakuna anayelifikiria, kwa sababu mmelowa na mnahisi baridi. Pakeni losheni ya kukinga jua kabla ya kujipanga, kisha tena kila baada ya saa mbili.

6. Msikilizeni anayeogopa

Kila familia ina mmoja. Wengine humshawishi kwa kelele: "hakuna cha kuogopa," "angalia mwenzio hata haogopi." Maneno hayo yanamfanya aogope peke yake, basi.

Mimi humpeleka kwenye njia ya kutokea. Tunasimama pale tukitazama maboya kumi yakiingia kwenye maji. Simsemeshi sana. Namwonesha mtoto wa rika lake, nikimwambia tazama uso wake. Ataona mwenyewe wanaocheka, ataona na mmoja aliyekunja uso. Kisha namweleza kwa mpangilio yatakayotokea: tutakaa, utashika vishikio hivi kwa mikono miwili, kijana atatusukuma, tutazunguka, patakuwa na giza kidogo pale kwenye bomba la bluu, ukihesabu hadi kumi tutatoka, halafu tutatua majini hapa. Mtoto anayejua kinachofuata haogopi tena lisilojulikana. Anabaki na mteremko tu.

Baada ya hapo jibu lake ni jibu. Akisema hapana mara mbili, ni hapana. Na akikubali, mpeni ruhusa ya kubadili nia hadi dakika ya mwisho. Ule usemi wa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga haufai hapa. Ngazi za kushuka zipo, wafanyakazi wamezoea watu kurudi, na mkitoka kwenye mstari hakuna atakayewacheka.

Ikiwa anapanda, kaeni naye ana kwa ana, si ubavuni tu. Ataisoma sura yako. Ukikaza taya, ataliona. Kwa hiyo kama wewe mwenyewe ndiwe mwoga, mkabidhi kwa mwingine. Namaanisha bila lawama yoyote.

7. Watazameni wanaoliendesha

Mitelezo mingi ya maboya hupita siku baada ya siku bila tatizo. Lakini kuna mambo mawili yaliyotokea mwaka 2016 ambayo siwezi kuyaacha, kwa sababu yanafundisha cha kutazama.

La kwanza ni Verrückt, mtelezo wa bustani ya Schlitterbahn mjini Kansas City, uliofunguliwa mwaka 2014 ukiwa na kimo cha zaidi ya mita 51 kutoka chini hadi juu. Boya lake lilichukua watu watatu na jumla ya uzito ilitakiwa iwe kati ya kilo 181 na 249. Agosti 2016 boya liliruka hewani kwenye kilima cha pili, na mvulana wa miaka 10 aliyekuwa mbele akapoteza maisha. Mtelezo ukafungwa, na mwaka 2018 ukabomolewa. Kosa halikuwa la waliopanda. Ila tangu nijue habari hiyo, mahali ninapoona mzani upo lakini hautumiki, au ninaposikia "pitieni tu, mko sawa" bila mtu kuwatazama, nageuza.

La pili ni Thunder River Rapids ya bustani ya Dreamworld nchini Australia, mto wa kasi wenye maboya ya watu sita. Tarehe 25 Oktoba 2016 pampu moja ilizima, maji yakashuka, boya likakwama, na lililokuwa likifuata likaligonga. Watu wazima wanne walikufa. Siku hiyohiyo pampu ilikuwa imekwisha kuzima mara mbili na kuwashwa tena. Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu ambayo sivunji: mtelezo uliosimama na kuanzishwa tena zaidi ya mara moja siku hiyo, mimi na wanangu hatuupandi. Hata foleni iwe tupu. Hasa foleni ikiwa tupu.

Mkiwa kwenye foleni tazameni mambo haya. Anayetuma boya juu anangoja ishara kwamba lililotangulia limekwisha kutoka, au anasukuma tu? Anawapanga watu wakae wapi, au kila mtu anajikalia? Mwokoaji wa majini aliye chini anawatazama watu, au simu? Maji kwenye mfereji yanatiririka sawasawa, au kuna sehemu kavu? Mahali penye wafanyakazi makini foleni huenda polepole kidogo, na ningependa uvumilie upole huo.

8. Mkishaamua kupanda

Saa za mkononi, hereni na miwani isiyo na kamba vibaki kwenye kabati. Nguo zenye zipu au vifungo vya chuma hukatazwa sehemu nyingi kwa sababu hukwaruza faiba na kutoboa boya. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha, lililofungwa vizuri: shika mabega yake, vuta juu, likimfika masikioni, ni kubwa mno. Vile vibofu vya kuvaa mikononi ni vya kuchezea, haviokoi mtu.

Juu, fuateni mpangilio mtakaopewa hata kama unamtenganisha mtoto na aliyemtaka. Uzito unagawanywa kuzunguka duara ili boya lisielemee upande mmoja. Nikiulizwa, naomba mdogo akae katikati ya watu wazima wawili. Miguu ndani, mgongo umeegemea, mikono miwili kwenye vishikio, na hakuna kuinuka wala kubadilishana nafasi hata boya likisita njiani. Likikwama kweli, kaeni palepale, ndani ya boya, mpaka mfanyakazi awaelekeze.

Kule chini watu huharibu mwisho kwa haraka. Boya likigusa maji yaliyotulia, kila mtu anataka kuruka. Ngojeni mfanyakazi alishike, ashuke mtu mzima mmoja kwanza, apokee watoto, wa mwisho awe mtu mzima pia. Kisha ondokeni njiani upesi, kwa sababu la nyuma linakuja baada ya sekunde 40.

Wataomba kurudia. Rudini mahali pale mlipohesabia, mhesabu upya dakika nne, na mwamue kwa namba mpya wala si kwa shangwe. Mara nyingi raha ya mara ya pili ni ya vijana. Wadogo wanakuwa wamekwisha kupata walichokitaka, na wako tayari kwa bwawa.

Mtoto wangu yule, mwaka uliofuata, aliupita mstari kwa upana wa kidole kimoja. Tulimpima chini, langoni, kabla ya ngazi. Boya likaachiwa, likazunguka kwenye kona ya kwanza kabisa, akashuka kinyumenyume njia nzima akiwa amenielekea, na sikukosa hata dakika moja ya uso wake.